Nikifikiria maisha baada ya chuo sioni chochote: ni sonona, au ndio uhalisia?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko mwaka wa tatu chuo kikuu. Kwa miezi miwili sasa naamka saa 9 usiku na usingizi haurudi. Vipindi siendi, na msimamizi wangu wa utafiti akipiga simu sipokei. Nikijaribu kufikiria maisha baada ya kuhitimu sioni chochote, ni kama ukuta tu. Wenzangu wananiambia niwaze mambo mazuri, nimejaribu, hayaji. Na kusema kweli ajira ni ngumu, kwa hiyo naona mimi ndiye ninayeuona ukweli. Siku nyingine natamani nilale nisiamke. Huu ni msongo wa mawazo wa kawaida au ni ugonjwa? Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, na asante kwa kuandika bila kuficha. Nitaanza na ile sentensi ya kulala usiamke, kwa sababu hiyo haisubiri.

Hamu ya namna hiyo huwapata watu wengi wenye sonona (ugonjwa wa huzuni nzito, depression), lakini kati ya kutamani usiamke na kupanga kujiua kuna umbali, na ni wewe unayejua umefika wapi. Jiulize bila kuzunguka. Je, nimefikiria kujiua, si kutamani kufa tu? Je, nimefikiria nitatumia nini? Je, nimeweka siku, au nimeanza kuaga watu na kugawa vitu vyangu? Kama jibu ni ndiyo kwa swali la pili au la tatu, acha kusoma hapa. Mpigie mtu mmoja sasa hivi, mwambie asikuache peke yako, na mwende pamoja idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu. Kitu ulichokuwa ukikifikiria kitoke chumbani kwako leo hii, akakae nacho mtu mwingine. Hatua hii huokoa maisha kweli: hamu ya kujiua hupanda na kushuka, kilele chake mara nyingi ni kifupi, na mtu ambaye hana kitu cha kujidhuru karibu yake hupata muda wa kukivuka kilele hicho.

Kama hujafika huko, bado mwambie mtu mmoja kabla wiki haijaisha, na umwambie kwa maneno kamili: “Kuna siku natamani nisiamke. Sijapanga kitu, lakini sitaki kukaa na hili peke yangu.” Ukisema tu “sijisikii vizuri” utaambiwa upumzike, na mazungumzo yataishia hapo. Wala usiogope kwamba kulitaja jambo hili kutalikuza. Kuzungumza waziwazi juu ya kujiua hakumtii mtu wazo hilo kichwani; wengi hupata nafuu kwa kuulizwa tu.

Sasa swali lako la kwanza. Msongo wa mawazo hufuata jambo: mtihani ukipita, deni likilipwa, mwili unalegea. Sonona haifuati jambo kwa namna hiyo. Madaktari huitambua kwa dalili 9: huzuni au utupu, kutovutiwa na mambo uliyoyapenda, usingizi kupungua au kuzidi, hamu ya chakula au uzito kubadilika, uchovu, mwili kuwa mzito au kutotulia kiasi cha watu kukiona, kujiona hufai au kujilaumu kupita kiasi, kushindwa kumakinika au kuamua, na mawazo ya kifo. Zikiwepo 5 au zaidi, mojawapo ikiwa kati ya zile mbili za mwanzo, sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, na maisha yakawa yameyumba, hapo hatuzungumzii tena uchovu wa muhula. Wewe umetaja miezi miwili, usingizi, vipindi, simu na mawazo ya kifo. Siwezi kukupima kwa maandishi, lakini hayo yanatosha kabisa kukupeleka kwa mtaalamu wiki hii.

Kabla hujaenda, jaza PHQ-9, dodoso la kupima ukali wa dalili za sonona. Lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila swali alama 0 hadi 3, jumla 27. Alama 5 hadi 9 ni dalili nyepesi, 10 hadi 14 za wastani, 15 hadi 19 zinaelekea kuwa kali, 20 na kuendelea ni kali. Kuanzia 10 usibaki nyumbani ukijiuliza. Swali la 9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na hilo lina sheria yake: ukijipa hata alama 1, lazima lizungumzwe na mtaalamu, hata kama jumla yako ni ndogo. Dodoso halitoi jina la ugonjwa. Linakupa namba ya kuanzia, ili baada ya mwezi ujue kama unapanda au unashuka.

Muombe daktari aangalie na mwili pia. Tezi ya shingo ikifanya kazi kidogo kuliko inavyotakiwa, upungufu wa damu na upungufu wa vitamini B12 vyote huleta uchovu na uzito unaofanana sana na sonona, na kipimo cha damu huvionyesha. Taja dawa unazotumia, pombe na bangi, kwa idadi halisi. Na kama umewahi kuwa na siku kadhaa mfululizo ambazo ulilala kidogo mno na bado ukawa na nguvu tele, maneno mengi, mipango mikubwa na matumizi ya hovyo, sema. Hiyo inaweza kuwa baipola, ugonjwa wa hali ya mtu kupanda na kushuka kupita kiasi, na dawa za sonona zikitolewa peke yake kwa mtu wa baipola zinaweza kumrusha upande wa pili.

Nije kwenye huo ukuta unaouona, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wengi wanaposhauriwa vibaya.

Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, alieleza tangu miaka ya 1960 kwamba sonona hupinda mitazamo mitatu: mtu anavyojiona mwenyewe, anavyoiona dunia inayomzunguka, na anavyoziona siku zake zijazo. Huo wa tatu aliuona kuwa mzito kiasi kwamba mwaka 1974 yeye na wenzake walitoa dodoso la sentensi 20 la kupima kukata tamaa peke yake. Tafiti zao zilionyesha kuwa kukata tamaa huhusiana zaidi na hatari ya kujiua kuliko ukali wa sonona yenyewe. Ndiyo maana sikulichukulia kwa wepesi swali lako la maisha baada ya kuhitimu.

Lakini kuna jambo jingine lililopatikana baadaye, na kwangu ndilo ufunguo. Andrew MacLeod na wenzake huko Uingereza waliwapa watu kazi rahisi: ndani ya muda mfupi, taja mambo mengi uwezavyo unayoyatazamia kwa furaha wiki ijayo, mwaka ujao, miaka mingi ijayo, kisha taja yale unayoyahofia. Watu wenye wasiwasi walitoa orodha ndefu ya mabaya. Watu wenye sonona, na waliowahi kujaribu kujiua, walipungukiwa upande wa mazuri. Orodha yao ya mabaya haikuwa lazima iwe ndefu kuliko ya wengine. Kwa maneno mengine, tatizo kubwa la sonona ni kwamba mazuri hayaji kabisa. Hayo mabaya unayoyaona yanaonekana kujaza kila mahali kwa sababu hakuna kingine kilichokaa kando yake.

Hapo utaona kwa nini ushauri wa wenzako haufanyi kazi. Wanakuagiza ulete kitu ambacho ugonjwa umekufungia njia ya kukileta, na ukishindwa unajiona umefeli hata hilo. Ubongo huunda picha za kesho kwa vipande vya kumbukumbu za jana. Watafiti Mark Williams na Keith Broadbent walionyesha mwaka 1986 kwamba watu waliokuwa wametoka kujaribu kujiua, wakiulizwa tukio fulani la maisha yao, mara nyingi walijibu kwa ujumla. Badala ya “Jumamosi ile tulipocheza mpira uwanja wa nyuma” unasikia “zamani nilikuwa nacheza”. Baadaye jambo hilohilo likaonekana kwa wenye sonona. Kumbukumbu ikishapoteza siku, mahali na sura za watu, kesho nayo haina cha kujengewa. Ongeza hapo kujitenga: vipindi huendi, simu hupokei, kwa hiyo wiki nzima hakitokei kitu chochote kizuri cha kukumbuka. Kisha ongeza kule kuzungusha mawazo yaleyale saa 9 usiku, “kwa nini niko hivi, kwa nini mimi”, jambo ambalo mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alilitafiti kwa miaka mingi akaona linarefusha na kuzidisha sonona. Kunadanganya kwa sababu kunafanana na kutafakari. Kipimo chake ni chepesi: baada ya dakika 5, je, umepata hatua moja ya kufanya au uamuzi mmoja? Kama hapana, hukuwa unatafakari. Inuka ulipokaa na ushike kitu cha mikono.

Sasa hoja yako ya ukweli, na sitaki kuipuuza. Ajira kwa wahitimu wengi ni ngumu kweli, na mtu akikuambia si hivyo anakudanganya. Chukua karatasi uiandike sentensi yako jinsi inavyokujia, kwa mfano: “Nikimaliza chuo sitapata kazi, nitakuwa mzigo, na itakuwa hivyo siku zote.” Ikate vipande. “Sitapata kazi” ni utabiri; una chembe ya ukweli, na sehemu isiyojulikana: kazi gani, ndani ya miezi mingapi, kwa kujaribu mara ngapi? “Nitakuwa mzigo” si utabiri hata kidogo, ni hukumu juu ya utu wako iliyojipenyeza katikati ya sentensi. “Siku zote” ni muda ambao hakuna binadamu anayeweza kuupima. Mwanafunzi asiye na sonona anaweza kuwa na kile kipande cha kwanza, akahangaika nacho, na bado akalala usiku. Viwili vya mwisho ndivyo vimeletwa na ugonjwa. Kwa hiyo usibishane na ugumu wa ajira. Uache ulivyo, futa hivyo viwili, kisha ona unabaki na tatizo la ukubwa gani.

Na kwa sasa, acha kabisa kuwaza miaka mitano mbele. Sikukatazi milele. Huko mbali ndiko picha zinakokuwa za jumla zaidi, na picha za jumla ndizo sonona inazozijaza. Fanyia kazi saa 24 hadi 72 zijazo, hivi.

Kila jioni andika picha moja tu ya kesho au keshokutwa. Iwe na saa, mahali, mtu kama yupo, na tendo la kwanza la mwili. “Nitafanya utafiti wangu” haifai. Hii inafaa: “Kesho saa 4 asubuhi, maktaba, meza ya dirishani. Natoa daftari, nafungua sura ya 2, nasahihisha aya ya kwanza tu, dakika 15.” Chini yake andika kikwazo na jibu lake: “Nikiamka mwili mzito, basi nitanawa uso na kuvaa viatu kabla ya kuamua kama naenda.” Mpango wa namna hii, wa ikiwa hivi basi vile, ulichunguzwa sana na mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, na una faida kubwa kwa mtu mwenye sonona: uamuzi unakuwa umeshafanywa jana, si asubuhi ukiwa huna nguvu ya kuamua. Halafu fumba macho sekunde 30 uione picha hiyo ukiwa ndani yake. Wiki ya kwanza itakuwa na ukungu. Endelea tu; ni ustadi, unarudi kwa mazoezi.

Kando ya picha, tabiri alama mbili kuanzia 0 hadi 10: raha utakayoipata, na kujiona umeweza. Baada ya kufanya, andika alama halisi. Mfano: kutembea na rafiki dakika 20, utabiri raha 1, kuweza 2, halisi raha 3, kuweza 4. Usitarajie 8. Mara nyingi tofauti ni ndogo, lakini inaelekea upande uleule, na baada ya siku kumi una karatasi ya mwandiko wako mwenyewe inayoonyesha kuwa chombo chako cha kutabiri kimeinama. Huo ni ushahidi ambao mahubiri ya “amini mazuri” hayawezi kukupa.

Huwa panaharibika wapi? Kwanza, kazi kuwa kubwa. Kama umeshindwa mara mbili, igawe nusu: dakika 15 ziwe 7, na 7 zikishindikana ziwe kufungua daftari na kulifunga. Pili, kusubiri ari. Kwa mwenye sonona ari huja nyuma ya tendo, si mbele yake, na tiba nzima ya kurudisha shughuli imejengwa juu ya mpangilio huo. Tatu, kulinganisha alama zako na ulivyokuwa mwaka wa kwanza. Linganisha na juzi. Nne, siku moja mbaya kugeuka sababu ya kuacha yote. Siku hiyo andika 0 na kesho uendelee. Ukiona wiki mbili zimeenda, sogeza picha zako mbele kidogo kidogo: wiki ijayo, mwisho wa mwezi, mwisho wa muhula. Baada ya hapo ndipo mazungumzo ya ajira yatakuwa na maana, kwa sababu utakuwa na kichwa cha kuyafanyia.

Usingizi: chagua saa moja ya kuamka na uishike kila siku, hata Jumapili, hata ukilala vibaya. Ukiamka saa 9 na takriban dakika 20 zikapita bila usingizi, toka kitandani, kaa penye mwanga hafifu, fanya jambo la kuchosha, rudi ukisinzia. Simu ibaki mbali. Na ujiwekee sheria: hakuna uamuzi wa maisha unaofanywa kabla ya jua kuchomoza. Mawazo ya saa hiyo yaandike kwa maneno machache, uyasome saa 6 mchana. Pombe ya kukupatia usingizi itakuibia usingizi wa nusu ya pili ya usiku na kuishusha hali yako siku inayofuata.

Msimamizi wako mwandikie leo, maana kila siku ya ukimya inaongeza uzito wa simu inayofuata. Huhitaji kueleza ugonjwa: “Shikamoo mwalimu. Samahani kwa kutopokea simu, sikuwa vizuri kiafya na nimeanza kutafuta matibabu. Naomba dakika 10 wiki hii ili tukubaliane ninaweza kuleta nini na lini.” Wengi hujibu vizuri kuliko ulivyotabiri, na hilo nalo liingie kwenye karatasi yako. Kuhusu kuahirisha masomo: inaweza kukufaa, ila iulize kwa maandishi, na ujue mapema tarehe ya kurudi, masharti na ada. Hatari yake ni kwenda kukaa miezi minne chumbani bila ratiba, na hicho ndicho chakula cha sonona. Mara nyingi kupunguza masomo mawili na kubaki na watu ni bora. Kuacha chuo kabisa ni uamuzi wa kuuweka kando mpaka alama zako za PHQ-9 zishuke chini ya 10.

Kwa mshauri nasaha au mwanasaikolojia, nenda na karatasi yenye alama zako, tarehe tatizo lilipoanza, na ile sentensi ya kutamani usiamke imeandikwa, ili hata ukikosa ujasiri wa kuisema uisukume mezani. Tiba ya mazungumzo inayoshughulikia fikra na matendo kwa kawaida huchukua vikao 12 hadi 20, kimoja kwa wiki, na ina kazi za kufanya kati ya kikao na kikao. Kama baada ya vikao vitatu unapewa maneno ya kukutia moyo tu, uliza kwa adabu mpango wa tiba ni upi, au omba mwingine. Sonona ikiwa kali, daktari anaweza kuongeza dawa. Zinazotumiwa sana huanza kuonyesha kazi baada ya wiki 2 hadi 4, huku maudhi madogo kama kichefuchefu yakitangulia, na ndiyo maana wengi huziacha siku ya tano wakisema hazifai. Kwa walio chini ya miaka 25, wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka kwa baadhi yao. Panga kuonana na daktari mapema, na mtu unayekaa naye ajue. Ukishapona, kwa kawaida huendelea nazo miezi 6 au zaidi, na huziachi ghafla.

Wenzako nao wanaweza kusaidia zaidi ya kusema “waza mazuri”. Waombe mambo mawili mahususi: mmoja akupitie asubuhi mwende kipindini, mwingine mle pamoja mara mbili kwa wiki bila kulazimika kuzungumza. Watu wengi wanataka kusaidia na hawajui wafanye nini; ukiwapa kazi yenye saa na mahali, wanaifanya.

Usipime kupona kwa furaha, hiyo huchelewa. Pima kwa kuamka saa 11 badala ya saa 9, kwa kucheka bila kukusudia, kwa kusema “wiki ijayo nitakuja” na kugundua baadaye kwamba umesema. Jaza PHQ-9 kila baada ya wiki 2. Kushuka kwa alama 5 ni mabadiliko ya kweli, na kupanda kwa 5 ni sababu ya kurudi kwa mtaalamu bila kungoja miadi. Na kwa kuwa karibu nusu ya waliopona sonona mara ya kwanza hupatwa nayo tena wakati fulani maishani, ukishapata nafuu andika dalili zako tatu za mwanzo kabisa, zile zilizotangulia huzuni yenyewe. Zikitokea mbili kwa wiki moja, rudi kwa mshauri wiki hiyohiyo. Usisubiri ya tatu.